Zege Ambalo Bw. Radipati Aliliacha Njiani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Kampuni ya Ujenzi ya Lekgolwana, Bw. Moatlhodi Radipati, msimamizi wetu wa zege na misingi, anastaafu rasmi tarehe 31 Januari. Alianza kama kibarua wa kusukuma toroli, akawa fundi, kisha msimamizi, na katika ngazi zote hizo hakuwahi kupunguza sauti.

Tuliofanya kazi chini yake tunazijua sheria zake. Mchanga huonjwa kwa meno, na ukiwa na udongo unarudishwa ulikotoka. Maji hayaongezwi bila ruhusa yake. Na zege likishaanza kumwagwa, hakuna kula wala kukaa mpaka mtaro ujae, kwa sababu zege lililoachwa njiani haliungani vizuri na litakalofuata. Wajumbe waliokuja kumposa binti yake walimkuta kazini mjini Lobatse siku ya kumwaga. Waliketi juu ya matofali na suti zao mpaka toroli la mwisho. Posa ilikubaliwa, ingawa viatu vya mjomba wa bwana harusi havikupona.

Ameniomba niandike habari za ukumbi wa shule na matangi ya maji, nisiguse kabisa siku ile ya mjini Kanye. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, simtii.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba iliyopita. Bi. Kelebonye Mosweu alitaka kuongezewa gereji ubavuni mwa nyumba yake, iwe tayari kabla ya sherehe ya kumtoa mjukuu wake nje. Binti yake, Segametsi, alikuwa mzazi wa wiki chache tu. Yeye na kichanga walikuwa chumba cha kona, na gogo lililolazwa mbele ya mlango liliwaambia watu kwamba humo hamuingiwi. Sisi wanaume wa kazi hata dirisha lile tulikuwa hatulitazami.

Mtaro wetu wa msingi ulipita chini kabisa ya ukuta wa chumba hicho. Karibu na nyumba ya zamani, huchimbwa kipande, kikamwagwa zege, ndipo kikafunguliwa kingine. Safari hii, kwa haraka ya sherehe, Bw. Radipati aliufungua mtaro wote kwa mara moja.

Hatujafika nusu ya kumwaga, mawingu yakafunga. Mji mzima ulikuwa umekauka, na hakuna aliyethubutu kusema mvua isubiri kidogo. Huku kwetu neno hilo halisemwi hata kwa utani. Tuliongeza kasi tu. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kuchanganyia: kokoto, mchanga, saruji, maji, mimina, anza tena. Matone ya kwanza yalipoanguka, udongo ukaporomoka chini ya kona, na ufa ukapanda ukutani mpaka usawa wa dirisha huku tukiuona. Tuliegemeza mbao mbili. Zikaanza kuzama.

Bw. Radipati alikwenda mlangoni, akasimama nje ya gogo, akamwomba Bi. Kelebonye amtoe mzazi. Bibi hakutikisika. Siku za binti yake zilikuwa hazijatimia, na njia ya kutokea ilipita uani, katikati ya wanaume waliotoka huko na huko.

“Mwanangu hatapita mbele yenu,” alisema. “Nyumba ikitaka kuanguka, ishikeni. Si ndiyo kazi yenu?”

Kona ilikuwa imebakiza toroli chache tu ijae, na labda tungewahi. Nilimwona msimamizi wetu akiutazama mtaro, halafu ufa, halafu mtaro tena. Akavua kofia.

“Mama, kosa ni langu. Mtaro nimeufungua mimi,” alisema. “Tutatoka nje ya geti sote, tugeukie barabarani. Hakuna jicho litakalobaki humu uani. Mtoe, nakuomba.”

“Na zege lenu?”

“Liharibike.”

Akanionyesha kwa mkono nizime mashine. Nilidhani nimeona vibaya, akanionyesha tena.

Tukasimama barabarani, migongo kwenye nyumba, mvua ikitupiga usoni. Tshenolo, ambaye hawezi kunyamaza hata msibani, alinong'ona kwamba wapita njia watadhani tumefukuzwa kazi. Hakuna aliyecheka. Kisha nyuma yetu tukasikia kitu kama gunia linapasuka, na kishindo kilichopanda mpaka magotini. Hatukujua kama walikuwa wameshatoka.

“Asigeuke mtu,” alisema Bw. Radipati, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. “Wangekuwa ndani, angepiga kelele. Mama yule angepiga kelele.”

Nilikuwa bega kwa bega naye. Niliogopa siku hiyo kuliko siku yoyote ya kazi.

Sauti ya bibi ilitokea mbali, upande wa jirani. “Tumeshafika. Haya, geukeni, mje mwone mlichofanya.”

Kona yote ilikuwa imelala juu ya kitanda. Bw. Radipati aliketi kwenye toroli, mvua ikimnyeshea.

Zege lile tulilivunja kwa nyundo. Msingi aliurudia kipande kwa kipande, akajenga chumba kabla ya gereji, na Bi. Kelebonye alimsimamia akiwa kitini, akimwuliza kila asubuhi kama leo hana haraka. Sherehe ilifanyika chini ya turubai. Bw. Radipati mwenyewe hakwenda. Alisema mtu aliyeangusha ukuta haendi kula nyama ya wenyewe.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa shule, kwa matangi, na kwa kutugombeza mpaka tukajua kazi. Juzi nilipitia Kanye. Bi. Kelebonye alinifungulia mlango wa chumba cha kona, nikachungulia. Kitanda wamekisukuma palepale pa zamani, kikagusa ukuta wako mpya, na mtoto alikuwa amelala fofofo. Staafu kwa amani, nawe upate usingizi kama ule.