Nilivyojifunza Kucheza Dhaanto Nikaacha Kuhama

Asalaam aleikum, walaalo, ndugu zangu, na wazee wangu. Sitataja jina la mtu leo, maana walionishika mkono wamekaa humu humu na hawapendi sifa.

Ukame ulipomaliza ngamia wetu kule Eldas, wa mwisho kuanguka alikuwa jike mzee aliyekuwa akiongoza wenzake, kengele ya mti shingoni. Tangu hapo sikukaa mahali. Nilibeba mizigo Dadaab, nikaosha magari Nairobi, nikauza maji Mandera. Ndugu zangu, kila mji niliusifu baada ya kuuhama.

Niliporudi hapa Garissa, nilikoiacha familia, mke wangu alitazama begi kabla ya kunitazama uso.

“Karibu, baba watoto,” akasema. “Lakini ukilifunga tena hilo, usije kulifungulia kwangu.”

Nikalifunga. Naam, msinicheke. Alasiri moja nilitoka nalo kwenda stendi, nikapitia nyuma ya soko la mifugo, nikasikia makofi ndani ya ukumbi huu huu. Watu walikuwa wanacheza dhaanto, ngoma ya babu zetu: safu ya wanaume, safu ya wanawake, wanatazamana, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Nikasimama mlangoni. Eeddo mmoja, shangazi wa watu wote pale, akaniita.

“Wewe mwenye begi, gari lako halijajaa. Ingia.”

Nikaingia, nikaharibu. Safu ikienda, mimi nimeshafika.

“Umechunga ngamia wewe?” akauliza Eeddo.

“Maisha yangu yote.”

“Walahi inaonekana. Unacheza kama mchungaji, uko mbele unavuta kamba. Hapa hakuna mchungaji. Sisi ndio ngamia.”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kutembea kama ngamia kulitaka nimkumbuke yule jike, na hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia mji hadi mji. Nilitaka kutoka. Lakini makofi yakaanza tena, polepole, kama kengele ya mti, na mwendo wake ukanirudia: shingo inatangulia, bega linafuata, mguu haujali haraka. Nikamfuata. Machozi yalitoka, nami sikuvunja safu. Wimbo ulipoanzishwa, niliitikia pamoja na wengine.

Gari liliondoka bila mimi. Nilirudi nyumbani na begi, mke wangu akauliza, “Unafunga au unafungua?” Nikamwambia nafungua, na kesho yake nikarudi kujifunza. Bado nakosea. Siachi.

Nawashukuru nyote, na Eeddo zaidi, aliyenicheka bila kunifukuza. Na mke wangu, aliyeniuliza kabla ya kunihukumu.

Anayeanza, nawaambia, asiangalie miguu. Apige makofi kwanza, asikilize, aitikie. Unachokikimbia kinaweza kuwa ndicho kinachojua njia.

Na wewe uliyesimama mlangoni tangu nianze kusema, nakuona. Weka mzigo chini. Mwisho wa safu pana nafasi.