Chumba cha Juu ya Mto

Sogeeni karibu, wanangu, nisije nikapandisha sauti na pumzi yenyewe sina. Kiyotaka, keti hapo kando ya mlango. Wewe Chizuru, keti hapa penye mkono wangu. Niliyo nayo kifuani nimeyabeba tangu ujana, na sitaki kuyaingiza kaburini pamoja na mifupa ya baba yenu, maana yeye aliyavumilia vya kutosha alipokuwa hai.

Nyumba hii ya wageni, yenye maji ya moto ya kuoga, niliachiwa na babu yenu. Sikuiomba. Hakuwa na mtoto wa kiume, nami nilikuwa mkubwa, basi ikawa mume wangu sharti ahamie hapa na achukue jina letu. Na mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kumpenda Eikichi, aliyekuwa akija kutengeneza mabomba ya mianzi yanayoleta maji kutoka mlimani. Alikuwa mtoto pekee kwao. Kijana wa namna hiyo haachi jina la baba yake. Wazee wakakaa, wakanywa sake, wakamaliza: Eikichi akapewa mdogo wangu, Tsuyako, nami nikaletewa Tokuzo, baba yenu, mtu mwema ambaye hakunikosea hata siku moja.

Wakahamia mjini, na kila majani ya milimani yalipogeuka mekundu, walirudi hapa kama wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; mimi kila wakija, naugua. Nilipiga magoti mlangoni, nikawavua viatu, nikawapandisha chumba cha juu ya mto, kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote na mgeni hapewi kilicho duni. Nilichoma samaki wa mtoni kwa chumvi, nikapika uyoga, nikapandisha sinia. Wao wakila, mimi nikishuka kuchochea moto, na walipokuwa wakioga nilipanda tena kuwatandikia magodoro mkekani. Mawili, ubavu kwa ubavu. Nilikuwa nayaachanisha kidogo, na asubuhi nikipanda kuyakunja nayakuta yamesogezwa.

Mara moja Tsuyako alinikuta nafagia majani nje ya bafu, nywele zake zinadondosha maji, uso mwekundu kama pichi, akaniambia, "Dada, usijisumbue hivyo. Nasi si watu wa nyumbani?"

Nikamjibu, "Wa nyumbani hushika ufagio. Nenda kakae, chai itakuja."

Alicheka, akaenda kukaa. Nilimwonea wivu, wanangu, si kwa Eikichi peke yake. Nilimwonea wivu kwa kule kukaa. Nilizaliwa katika nyumba ambayo watu hutoka mbali kuja kupumzika, na sijapata kupumzika ndani yake. Baba yenu naye alijua. Kila walipofika, alikwenda nyuma kupasua kuni, hata kama kuni zimejaa hadi darini.

Ukimwona mwenye kovu, usidhani amepoa. Eikichi alipofariki nilidhani nitapumzika, lakini vuli iliyopita Tsuyako alikuja peke yake. Nilipompelekea sinia, hakugusa kitu. Akasema, "Dada, shuka tukaoge pamoja, kama tulipokuwa watoto."

"Mwenyeji haogi na wageni."

"Basi nitakuambia hapa hapa. Mimi nilikuwa nakuonea wivu."

"Wewe? Wivu wa nini?"

"Kila mwaka nilimwambia Eikichi twende baharini, naye anasema, twende kwa dada. Tukifika hapa anakula mpaka mifupa ya samaki. Nyumbani kwangu alikuwa anabakiza, dada. Maisha yote alibakiza."

Niliinua sinia nikashuka, na kwenye ngazi nilifurahi. Lakini furaha yenyewe haikufika jikoni. Nilikumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyaona hayo makombo, kila jioni, bakuli lenye alama ya midomo ya Eikichi. Hata makombo ningeyataka. Mpaka sasa, nikiwa hivi, nayataka.

Nayasema haya kwa ajili yako, Chizuru. Mwezi wa kwanza kaka yako alipokuja na Yoriko mkewe kupumzika, nilikuona ulipokuwa umebeba viatu vya wifi yako. Yoriko ni mkwe mzuri, simlaumu kwa lolote. Lakini macho uliyomtazama nayo nayajua, ni yangu. Wewe ulibaki hapa kwa sababu kaka yako aliondoka, na kila mtu anasema Chizuru anaipenda nyumba. Hakuna aliyekuuliza. Hata mimi sikukuuliza.

Kwa hiyo shikeni neno langu. Nyumba ni ya nyinyi wawili, na isiuzwe kwa wale wenye hoteli ya ng'ambo. Mkishanizika, Kiyotaka na Yoriko watakuja kuishika mpaka majani yatakapogeuka tena. Usiiname, Kiyotaka, utajifunza. Hata baba yako alijifunza. Na wewe Chizuru uondoke, ukakae kwenye nyumba za wageni za watu wengine, uvuliwe viatu, uletewe wali mezani, ulale mpaka jua likupate. Ukichoka kukaa, ndipo utuambie kama unaitaka nyumba hii au huitaki. Ukisema huitaki, mababu watakuelewa. Nitakuwa nao, nitawaeleza mwenyewe.

Nioshwe kwa maji ya hapa. Nizikwe na baba yenu, na mumwekee sake nzuri. Tsuyako akija apewe chumba cha juu ya mto. Mtandikieni vizuri. Mwambieni... hapana, msimwambie nimemsamehe, kwa maana hajanikosea, na wivu haujaisha. Mwambieni dada alitamani kushuka kuoga naye.

Mababu wawafunike, wanangu. Kuni zisiishe, maji yasipoe... mpendane, msi... msihesabiane.

Koo limekauka. Hapana, Chizuru, usiinuke. Kaka yako ataleta chai. Mwache aitafute... birika lipo jikoni, ataliona. Wewe kaa. Kaa tu, mwanangu.