Eldon Wiitala na Mlango Uliokataa Kufunguka

Mchungaji, dada yangu Lorraine, mwanetu Renee na mumewe, majirani wa Salo, na nyinyi wenzake marehemu wa chama cha wapenda magari ya zamani ya jeshi mliosafiri na theluji yote hii kutoka Wisconsin na Minnesota, mimi naitwa Wendell Harju, ni mdogo wake Lorraine, na familia imenituma nisimame hapa niwasomee maisha ya shemeji yangu ambaye jeneza lake liko mbele yenu. Lorraine amenisihi nisiruke kitu, hata yale ambayo miaka mingi tumekuwa tukiyanong'ona kule ukumbi wa chini wa kanisa wakati wa kahawa baada ya ibada, kwa hiyo nitayasoma yote, na atakayeyaona mazito naomba avumilie.

Marehemu Eldon Reino Wiitala alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika shamba la wazazi wake, Reino na Impi Wiitala, hapa Salo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, ambao wote sasa wametangulia. Alibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa hili, alisoma shule ya Salo na baadaye sekondari ya Ontonagon aliyoimaliza Juni 1966, na walimu wake walimkumbuka kama kijana mpole aliyenuka dizeli, kwa kuwa kila asubuhi kabla ya masomo alikuwa ameshalala chini ya trekta la baba yake.

Aliajiriwa kama fundi katika mgodi wa shaba mwaka huohuo, akaitwa jeshini Februari 1968, na akapelekwa Vietnam, eneo la Pleiku, katika kikosi cha kuyavuta magari yaliyoharibika au kuungua barabarani. Hakupenda kuyazungumza ya huko, na tulipomuuliza alikuwa akijibu jambo moja tu, kwamba kazi yake ilikuwa kufika mambo yakishakwisha. Alirudi Machi 1970, akaendelea na mgodi hadi ulipofungwa mwaka 1995, kisha akaendesha magari ya kusafisha theluji ya wilaya hadi alipostaafu mwaka 2010.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na dada yangu mbele ya madhabahu hii, wakajaliwa watoto wawili, Renee aliyezaliwa mwaka 1974, na Darrin Paul aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1980.

Sasa nifike kwenye magari, maana hakuna anayeweza kumtaja Eldon bila kuyataja. Mwaka 1983 alikwenda mnada wa jeshi na rafiki yake Milt Kemppainen, huyu aliyeketi safu ya pili, wakarudi na lori la kijani la magurudumu kumi lisilo na breki, huku Milt akilivuta na Eldon ameshika usukani nyuma, na Lorraine akatoka barazani akijifuta unga mikononi, akasema, "Wanaume wenzako wananunua mashua za kuvulia samaki, wewe unaniletea vita uani!" Eldon akamjibu kwamba vita vimeisha, hili ni lori tu, na lori halina kosa. Alilifungua lote, nati kwa nati, akalijenga upya kwa majira matatu ya baridi, na lilipowaka Milt akasema linakunywa mafuta kama mlevi siku ya mshahara, nalo lilikuwa hivyo kweli.

Mwaka 1991 akapata lile lori kubwa la kuvutia, la tani tano, lenye kreni mgongoni na winchi za kuvuta kebo mbele na nyuma, aina ileile aliyoiendesha Pleiku, na tangu hapo hakuna aliyezama kwenye theluji au tope kati ya Salo na ziwa asimwite Eldon. Walikuwepo waliomdhihaki, wakimwita Jenerali, wakimuuliza dukani lini ataivamia Kanada, naye alikuwa akicheka, kwa sababu alijua dhoruba ikishuka haohao ndio watakaopiga simu kwanza.

Darrin alikulia ndani ya magari hayo. Kila alichokijua Eldon alimpa mwanawe, namna ya kufunga kebo, namna ya kusikiliza gia, na juu ya yote alimfundisha neno moja ambalo nililisikia mara nyingi kwenye banda lile, kwamba ukitulia, gari halikuui. Kijana alipojiunga na jeshi Septemba 2002 hapakuwa na baba aliyejivuna zaidi katika wilaya yote, na siku alipoondoka Eldon alimpeleka kituoni kwa lori la magurudumu kumi, lililooshwa na kupigwa rangi mpya.

Tarehe 9 Mei 2005, nchini Iraki, Hamvi aliyokuwa akisafiria Darrin, lile gari pana la jeshi lililoongezwa mabamba ya chuma dhidi ya mabomu, iliporomoka kingo za mfereji wa umwagiliaji na kupinduka ndani ya maji, na Darrin na wenzake wawili wakafa maji. Maofisa wawili walikuja nyumbani, wakaketi sebuleni kofia zikiwa magotini, wakaeleza kwamba milango haikufunguka. Alizikwa hapa Salo, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Jambo lililofuata ndilo Lorraine alilotaka lisomwe. Tulipotoka makaburini tuliketi kula pale ukumbi wa chini, na mtu mmoja, kwa nia njema, akasema ni msiba usio na wa kulaumiwa, maana milango ilikataa. Eldon akasema kwa sauti iliyosikika meza zote, "Mlango haukatai kufunguka. Mtu ndiye hutaharuki." Lorraine akaiweka sahani yake chini, akamtazama, akasema, "Eldon, umemzika mara mbili," akachukua koti lake, akatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Kwa miaka kumi baada ya siku hiyo waliishi chini ya paa moja kama wapangaji, yeye Lorraine chumba cha juu na Eldon chumba cha chini karibu na tanuru, wakizungumza habari za kuni, za daktari na za Renee, basi. Sisi ndugu tulijaribu kusuluhisha, mchungaji aliyekuwepo wakati huo alijaribu, ikashindikana, kwa kuwa Lorraine alimtaka aifute kauli yake, na Eldon hakuwa mtu wa kufuta asichokuwa na hakika kwamba ni uongo. Aliendelea kuvuta magari ya watu, lakini bila mzaha tena, na lile lori la magurudumu kumi alilifungia bandani, hakuliwasha.

Mwaka 2015 jeshi lilikuwa limeanza kuuzia raia Hamvi zake za zamani. Eldon akaenda kuleta moja, bila mabamba, ikining'inia nyuma ya lori lake la kuvutia, na dada yangu alipoiona inaingia uani alifungua dirisha la jikoni akasema maneno ambayo bado nayasikia, "Umeniletea jeneza la mwanangu mlangoni kwangu." Eldon aliipeleka bandani, akaanza kuchomelea.

Mwezi Julai alikuja kijana anayeitwa Terrell Oakes, kutoka Ohio, aliyekuwa amesimama kwenye tundu la bunduki juu ya paa la Hamvi ya Darrin siku ile ya mfereji, akarushwa nje kabla gari halijazama, na Eldon ndiye aliyemwita. Lorraine alimwandalia mikate ya nyama na viazi, akampa kitanda cha Darrin. Terrell akamwonyesha Eldon unene wa mabamba, uzito wa mlango na jinsi kitasa kilivyokaa, na siku ya kuondoka akamwambia, "Mzee, tuliuvuta ule mlango watu wanne. Tulimsikia anapiga kwa ndani, nasi tunavuta." Eldon akasema, "Labda mlivuta vibaya." Kijana yule hakukasirika, alitazama viganja vyake tu, akaingia garini akaenda zake.

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 2015, mchana, Eldon aliniita mimi na Milt kwenye shimo la zamani la kokoto nyuma ya shamba, ambalo lilishajaa maji ya mvua. Hamvi ilikuwa imelazwa ubavu ukingoni, ikiwa na milango ya chuma aliyoitengeneza mwenyewe, nayo imefungwa kebo ya lori la kuvutia. Eldon alikuwa amevaa fulana aliyoijaza mchanga, uzito wa zile za kuzuia risasi. Akatuambia kwamba ataingia kupitia mlango wa juu, atafunga mkanda, Milt ataliachia gari lijipindue ndani ya maji, na yeye atatoka.

Milt akasema, "Na usipotoka?"

"Nitapiga bamba mara tatu, uvute."

"Una miaka sitini na saba, mpumbavu we. Mimi nitamwambia nini Lorraine?"

"Milt," akasema, "ama ushike winchi wewe, ama nimtafute mtu asiyeijua."

Milt akapanda kwenye lori akitukana kwa Kifini, lugha ya bibi yake, na mimi nikabaki ukingoni. Gari likaachiwa, likajipindua taratibu, likatua juu ya paa lake, maji yakaanza kuingia kwa kila upenyo, na hapo nikamwona dada yangu akija mbio shambani na ndara za nyumbani, kwa kuwa alikuwa ameona kreni kutoka dirishani.

"Nani yumo ndani?" akauliza.

Nikamwambia ni Eldon.

"Vuta!"

"Hajapiga bado," Milt akasema.

Kisha tukasikia kupiga, wala halikuwa pigo la mara tatu kama tulivyoagana, yalikuwa mapigo mengi, yasiyo na mpango, ya mtu aliyesahau kuhesabu. Milt akavuta, winchi ikalia, Hamvi ikageuka ubavu huku maji yakimwagika, nikarukia juu yake nikashika kitasa, na Eldon akisukuma kutoka ndani na mimi nikivuta kutoka nje, mlango ule haukusogea hata unene wa kucha, kwa sababu fremu ilikuwa imepinda na tope limejaa bawabani. Ilibidi Milt ashushe kulabu ya kreni, tuipachike kitasani, aung'oe mlango mzima, ndipo tukamtoa akiwa na midomo ya buluu.

Aliketi kwenye tope, na Lorraine akaingia majini hadi magotini, akasimama mbele yake.

"Haufunguki," Eldon akasema. "Nilitulia, Lorraine. Nilitulia kama nilivyomfundisha, nikafanya yote niliyomfundisha, na haufunguki."

"Nilijua tangu siku ya kwanza," dada yangu akasema. "Alikuwa mwanangu."

"Nilimwonea."

"Ulimwonea," akasema, wala hakumpunguzia, kisha akavua sweta yake akamvika mabegani, akaketi kando yake palepale topeni, na walikaa hivyo mpaka mimi na Milt tukaona haya kuwatazama, tukaenda kusimama nyuma ya lori.

Siku iliyofuata, Jumapili, Eldon alisimama katika kanisa hili wakati wa matangazo, akasema kwamba mwanawe Darrin hakutaharuki, na kwamba yeye baba yake alimsingizia mbele ya watu, naye anaomba msamaha mbele ya watu. Wengi wenu mlikuwepo. Kisha akampigia simu Terrell Oakes akamwomba msamaha naye. Wiki hiyo aliikata Hamvi vipande vipande kwa gesi, akavipeleka kwenye vyuma chakavu. Akarudi kulala chumba cha juu. Sisemi kwamba furaha ilirudi, kwa maana haikurudi, na asubuhi nyingi niliwakuta wawili hao mezani kimya, kahawa imepoa, ila ulikuwa ni ukimya wa watu wawili wanaomlilia mtu mmoja.

Mwaka 2021 Eldon alianza kubanwa na kifua, madaktari wakasema mapafu yamekuwa magumu kwa vumbi la miaka mingi na hayatapona. Alitembea na mtungi wa oksijeni, akawa hawezi tena kupanda kwenye lori lake, na majira ya baridi ya mwaka jana simu za waliokwama zikawa zinaita nyumbani, Lorraine akizipokea na kuwaambia hayupo wa kuwavuta, naye Eldon akiwa kwenye kiti chake anasikia. Hilo lilimuumiza kuliko kukohoa. Magari yake yapo bandani, na Milt, ambaye naye magoti yamekwisha, amewatafuta vijana wa kuyachukua, hajampata hata mmoja. Wenzake wa chama waliomba jeneza lake libebwe juu ya lori la kijani, lakini mwenyewe alikuwa amekataa tangu Oktoba, akisema amepanda magari ya jeshi vya kutosha.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 22 Januari 2024, asubuhi, Lorraine na Renee wakiwa wamemshika mikono. Ameacha mjane, binti, mkwe na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitalini na wale waliokuja nyumbani barabara zikiwa zimefungwa, majirani waliotupasulia kuni bila kuombwa, waliokuwa wenzake mgodini na kwenye barabara za wilaya, chama cha magari ya jeshi, Terrell Oakes ambaye ameendesha gari kutoka Ohio kuja kubeba jeneza hili, na Milt Kemppainen, kwa kushika winchi.

Ardhi ya makaburi yetu imeganda na haichimbiki, hivyo leo tunamwacha katika chumba cha kuhifadhia maiti hadi mwezi Mei, ndipo tutamlaza kando ya Darrin, na Lorraine anaomba siku hiyo asije akaachwa peke yake.

Shemeji, miaka kumi ulikosa amani kwa neno lako mwenyewe, ukaingia majini kuitafuta. Sasa pumzika nayo.