Mlango wa Kushoto

Benitha, zima hiyo redio. Valens, weka msasa chini, nawa mikono, uingie ukae mahali ambapo nitauona uso wako. Na wewe Mukagasana, mama wa wanangu, usisimame mlangoni kama mgeni. Njoo ukae hapa miguuni pangu, kwa sababu mengine nitakayosema unayajua, na nikiruka kitu utanirudisha. Mmekaa wote? Basi nisikilizeni, wanangu. Pumzi niliyobaki nayo inatosha jambo moja. Nimeliahirisha miaka minne nikitafuta siku nzuri ya kulisema, na siku nzuri haikuja, imekuja hii.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka Mungu atakapomwita, na hakuna atakayemwambia ahamie chumba cha nyuma. Shamba la migomba la Mururu ni la Benitha, lote, kutoka barabarani mpaka kwenye mfereji. Baba zenu wadogo wakisema mwanamke hapewi shamba, waonyesheni karatasi iliyo ndani ya Biblia ya mama yenu, kiongozi wa selile, huu mtaa wetu, ameitia sahihi. Mdogo wangu Gasana wa Gashonga msigombane naye tena kwa ajili yangu. Nilimnunia miaka mitatu kwa sababu nilimpa magurudumu manne anifichie, akanirudishia mawili mazima na mawili yaliyochakaa, akaniambia yamezeeka kwa kukaa tu. Gurudumu halizeeki hivyo, alikuwa ameyafunga kwenye mkokoteni wake wa ndizi. Lakini angeweza kuyauza yote akasema yameibwa, na hakufanya hivyo. Mwambieni yameisha.

Valens, vyombo vyangu vyote vya kazi ni vyako. Nyundo za kunyooshea bati, ile pistole ya kupulizia rangi niliyopewa na bwana wangu wa gereji kule Kadutu, Bukavu, nilipomaliza kujifunza kazi, na ile pampu ya upepo niliyoitengeneza kwa mota ya friji na mtungi wa gesi, ambayo mama yenu anasema siku moja itatuua. Haijamuua mtu. Mkono wako sasa ni mzuri kuliko wangu. Nilikuwa nakuangalia kupitia dirisha hili ukiweka masitiki ya kuzibia mabonde kwenye bati la juu ya gurudumu la nyuma, unaipaka nyembamba, unaingoja ikauke, huna haraka. Hiyo sikukufundisha, umezaliwa nayo.

Naona umeacha kupumua. Unangoja nitaje gari.

Gari sikupi, mwanangu. Si langu.

Kaa. Nimesema kaa, sijamaliza. Mukagasana, mshike mkono.

Niliwaambia kwamba Mzee Ntabaza alinipa Pijo yake iwe zawadi siku tulipovuka kutoka Bukavu kuja huku Rwanda. Mliamini kwa sababu mtoto humwamini baba yake, na kwa sababu mlimjua Ntabaza, mkaona ni jambo analoweza kufanya. Hakunipa. Aliniazima. Sasa nitawaeleza yote tangu mwanzo, na asinisaidie mtu.

Mwaka sabini na nne alinunua ile pikapu ya 404 ikiwa imepinduka kwenye kona za Nyangezi. Ilikuja gerejini ikivutwa kwa kamba, paa limelala juu ya viti. Kila fundi aliiangalia akacheka, mimi nikaichukua, kijana mkimbizi mwenye hamu ya kuonyesha kwamba anajua. Niliinyoosha mwezi mzima. Nikaipaka rangi ya buluu ya mbinguni, halafu kwenye mlango wa kushoto, upande wa dereva, nikaandika kwa njano: NTABAZA NA WATOTO. Nilichora kila herufi kwanza kwa msumari, kwa sababu nilitaka hata jua likila rangi, jina libaki. Alipokuja kuliona alilizunguka mara mbili, kisha akasema, "Kamali, umeandika kubwa sana. Batu ba Bukavu batazani mimi ni minista." Nikamwambia waziri habebi mbao. Alicheka mpaka akaegemea mlango, na rangi haikuwa imekauka, akaenda nyumbani na herufi mbili mgongoni mwa shati. Nikaziandika upya. Tangu siku hiyo tulikuwa ndugu.

Gari lile lilibeba mbao, lilibeba unga wa muhogo, lilibeba mabibi harusi wa mtaa mzima na wafu wa mtaa mzima. Mtu akifiwa hakuuliza gari litatoka wapi. Alituma mtoto kwa Ntabaza.

Halafu ukaja ule mwezi wa tisa wa mwaka tisini na sita, tulipoambiwa sisi wenye asili ya Rwanda tutoke, watu tuliokulia kule, tuliosoma kule, ambao baba zetu wamezikwa kule. Ntabaza alikuja saa sita mchana, hakuzima injini. Alisema, "Ingiza batoto nyuma. Maman yako akae mbele na miye." Valens, ulilala chini ya mikeka umemkumbatia kuku wa bibi yako, ukamziba mdomo kwa kitambaa, na wewe Benitha ulikuwa unamshika kuku miguu asitikisike. Mnakumbuka mikeka. Mimi nakumbuka kizuizi.

Kijana mmoja alisimama mbele na rungu lenye misumari. Aliinama kwenye mlango, akaweka kidole, akasoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la pili. Kijana akainuka, akawaambia wenzake, "Hii ni gari ya Papa Ntabaza. Ndiyo ilizikisha nkambo wangu, baba ya papa. Acheni ipite." Wakainua mti. Kizuizi cha pili vilevile. Hawakuangalia nyuso zetu, wanangu. Walisoma mlango. Mlango ule ndio uliotuvusha.

Kwenye daraja la Rusizi, mpakani, alishuka, akanipa ufunguo. Alisema, "Maman yako hatapanda kilima ya Kamembe na miguu. Enda nayo. Utanirudishia siku maneno itatulia." Nikamuuliza, na wewe utarudi na nini? Akasema, "Na miguu. Niko nayo mbili." Akageuka. Nilimwona akitembea pembeni ya barabara, kofia mkononi, kama mtu anayetoka kanisani.

Maneno hayakutulia. Mwezi uliofuata vita vikaingia Bukavu, na upande huu mtu mwenye bunduki akihitaji gari humwulizi atalirudisha lini. Nikafanya kama walivyofanya wengi: nikalivunja vipande. Injini ililala nyumbani kwa jirani yetu Habineza chini ya magunia ya maharage, na harufu ya mafuta iliingia kwenye maharage, akayala hivyo hivyo bila kunisema. Magurudumu yakaenda Gashonga. Kile kifuniko kirefu cha injini nikakifanya mlango wa banda la kuku. Mwili wa gari nikaufunika kwa turubai la wakimbizi. Na jina la Ntabaza nikalifunika kwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa, kwa brashi, mara mbili, mimi niliyeliandika. Nilijiambia ni kwa sababu ya wenye silaha. Mwaka wa kwanza ilikuwa kweli. Mwaka wa tatu haikuwa kweli tena. Nilikuwa nimeanza kulihesabu gari ni langu.

Nipe maji, Mukagasana. Kidogo tu. Asante.

Mwaka tisini na tisa, mpaka ukiwa umefunguka, Hugues mwana wa Ntabaza alivuka kwa miguu akaja hapa. Valens ulikuwa Bugarama kwenye mashine ya mpunga. Benitha, wewe ulimpakulia chakula, usiangalie chini, hukukosa wewe. Alikaa kwenye benchi uwanjani, maharage na ndizi kwenye sahani, akasema, "Papa anauliza tu kama gari iliwafikisha. Ye hawezi kuja, miguu inamuuma." Hakusema nilirudishe. Alisema kama iliwafikisha. Na mimi nikamjibu, mdomo huu huu, nikasema, "Ilitufikisha, mwanangu, lakini basoda balibeba." Yaani niliwasingizia wanajeshi. Alikuwa amekaa ameelekea banda la kuku, na mlango wa banda ulikuwa kile kifuniko, buluu ya mbinguni, hata kukipaka rangi sikukumbuka. Alikiangalia muda mrefu akitafuna. Akamaliza sahani yote, akamshukuru mama yenu kwa mikono miwili. Alipoinuka akaniambia, "Kuku zenu ziko na nyumba muzuri, Papa Kamali." Akaenda zake.

Sikumfuata. Ningeweza kumfikia kabla ya kona, nilikuwa bado na miguu. Nikakaa nikamsikia kuku anakwaruza lile bati.

Mwaka uliofuata Benitha alirudi kutoka soko la Kadutu akaniambia Ntabaza amekufa. Alipelekwa makaburini kwenye mkokoteni wa kuazima, unasukumwa na vijana, kwa sababu hakupatikana gari. Yeye.

Sasa, Valens. Najua ninachokunyang'anya. Ni wewe uliyeleta vipande pamoja, wewe uliyekaa miaka miwili chini ya gari hilo, ukisaga vali, ukitafuta kabureta mpaka Bujumbura. Najua umekwisha kununua rangi nyeupe, unataka liwe jeupe kama magari ya mashirika, libebe mchele wa Bugarama, na baba yake Jolie ameambiwa anayemposa binti yake ana gari. Kila ulipokuja kuniuliza, baba, tuanze na mlango gani, nilisema uache wa kushoto mwisho. Ulidhani ni ushamba wa fundi mzee. Nilikuwa naogopa msasa wako utafika pale kabla ya mdomo wangu. Ningesema siku ya kwanza ulipotoa turubai, ungeokoa miaka miwili. Nilikuona una furaha, nikanyamaza. Kumdanganya Ntabaza ni kosa langu la kwanza, la pili nimekufanyia wewe, na sina cha kukulipa.

Fanyeni hivi. Nyeupe irudisheni dukani. Tafuteni buluu ya mbinguni, mfano wa rangi mtauchukua kwenye mlango wa kuku, kabla ya kukirudisha kile kifuniko juu ya injini. Mkipuliza, anzeni asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka, fungeni kuku, mwagieni uwanja maji vumbi lilale, tundikeni mashuka pande zote. Mama yenu atalalamika, tundikeni tu. Mlango wa kushoto msiupulize. Sugueni kwa msasa wa maji, ile namba laini kabisa, mkono mwepesi. Itaondoka kijani ya kanisa. Mkianza kuona njano, acheni. Hapo hapo acheni.

Halafu, Valens, utaliendesha mpaka Kadutu kwa Hugues, mchana, watu wakiona. Benitha atakaa karibu nawe. Msimwambie nilikuwa mgonjwa, nilipomdanganya sikuwa mgonjwa. Mwambieni Kamali alikulisha maharage akakudanganya. Mpelekeeni kuku wawili, atajua. Akilikubali, mpeni ufunguo, mrudi kwa miguu. Mnayo, kila mtu miwili. Akisema liuzwe, ni lake. Akikuambia wewe uliendeshe, liendeshe na jina lake mlangoni. Lakini usiombe, Valens. Hata kwa macho usiombe. Kwa baba yake Jolie nendeni na mama yenu mkaseme ukweli. Akikukataa kwa sababu ya gari, basi binti yake alikuwa anaolewa na gari.

Valens, mbona umeinuka? Mwachie mkono, Mukagasana. Mwache atoke. Ana haki ya kukasirika, angalau akasirike nje kwenye hewa.

Nimefika wapi? Mto, tafadhali, uinue kidogo. Hivyo.

Nilitaka kuwabariki wote wawili pamoja, sasa nitambariki aliyepo, na aliyetoka mtampelekea. Mungu aliyetupitisha kwenye vizuizi viwili awapitishe na vingine. Mukagasana, upate watu wa kukubeba kama ulivyonibeba. Benitha, mikono yako isikose kazi wala... wala kupumzika. Valens... Mungu ampe Valens gari la jina lake mwenyewe, alipake rangi anayotaka. Nyeupe. Asimfiche mtu.

Nyamazeni kidogo.

Hamsikii? Huko uwanjani. Ni maji yanamwagwa... Hapana, si kuku. Kuku hakwaruzi hivyo. Ni msasa. Ni msasa wa maji, kwenye bati.

Benitha, fungua dirisha. Fungua lote. Uniambie yuko kwenye mlango upi.

Wa kushoto.

Mwambie mkono mwepesi... Kijani imetoka? Nenda, nenda ukae karibu naye, upitishe kidole, nilichora kwa msumari... Anza na N. Kisha T. Ukiona njano uniite... Umeona? Benitha?

Njano imetoka. Mwambie aache. Imetosha, mwambie aache hapo.