Mzee Omollo na Mbio za Vigari Zilizokimbiwa Tukiwa Tumefumba Macho

Baada ya miaka kumi na tisa ya kuwabembeleza watu waje kutazama farasi, Mzee Douglas Omollo anastaafu tarehe 30 Aprili. Ofisi ya maonyesho yetu ya kilimo imeniomba niandike wasifu wake katika ukurasa huu wa Kiswahili, ukurasa ambao yeye mwenyewe aliudai kwa miaka mingi, kisha asiuandikie hata mstari mmoja.

Mzee Omollo aliajiriwa kutangaza mbio za vigari. Kwa ambaye hajawahi kuziona: farasi hukokota kigari cha magurudumu mawili, dereva amekaa karibu na mkia, na farasi akishikwa na hamu ya kutimka kwelikweli, anaadhibiwa. Kazi rahisi kuitangaza, kama mnavyoona. Mzee aliikubali siku hiyohiyo, kwa sababu ambazo hadi leo hajatueleza.

Basi ukafika mwaka ambao kamati ya maonyesho ilichoka na jukwaa tupu. Mbio zisipojaza viti, ilisema, uwanja utageuzwa maegesho ya magari, na afisa wa matangazo atafute shughuli nyingine. Mtu wa kawaida angenunua tangazo redioni. Mzee Omollo alizunguka makanisa ya wahamiaji wa hapa Blacktown, ya Wakenya na ya Wakongo, akiwahakikishia wachungaji kwamba hakuna muumini atakayeiona kamari. Na kweli haikuonekana, maana kibanda cha kamari alikihamishia nyuma ya banda la mbuzi. Waumini kadhaa waligundua siku hiyo kwamba wanapenda sana mbuzi.

Ahadi yake ya pili ndiyo iliyojaza jukwaa: kila kwaya na kila chama cha akina mama kingetambulishwa kwa jina. Siku ilipofika hapakuwa na kiti kitupu. Wauguzi walitoka zamu wakaja na sare zao. Kwaya ya Wakongo ilikuja na vitenge vya mshono mmoja. Mzee akashika maikrofoni, akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya, mgeni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja asimame apunge mkono. Alipowamaliza wote, akakumbuka kwamba hatujaomba.

Mchungaji aliyepewa sala ya kufungua hakuwa mtu wa haraka. Aliwaombea madereva, farasi, vijana wanaosubiri viza, na serikali mbili. Mwanzishaji wa mbio, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo", alitazama saa yake akaachilia farasi. Wakazunguka, wakashindana, mmoja akashinda. Sisi tukasema Amina, tukafumbua macho, tukakuta vumbi.

"Mzee, farasi hatukuona hata mukia," Mama Chibalonza, kiongozi wa kwaya ya Wakongo, alimwambia, "lakini jina ya kwaya yetu mulitaja muzuri sana. Mwaka kesho tutarudia sisi wote."

Kilichotuokoa ni picha iliyopigwa wakati wa sala. Kamati iliona jukwaa limejaa pomoni na watu wote wameinamisha vichwa, ikasema haijawahi kuona umma unaouheshimu mchezo kiasi hicho. Hakuna aliyeisahihisha. Mbio zikabaki, uwanja ukabaki, na Mzee akabaki na kazi yake. Mwanzishaji naye alifundishwa neno la pili la Kiswahili, nalo ni Amina.

Tangu mwaka huo Mzee amesimama pale kila msimu akiwa ameupa uwanja mgongo, akiwakagua wageni asije akamsahau mmoja wao. Ni juzi tu, katika kupanga sherehe hii, tulipotambua kwamba mtu aliyeziokoa mbio hizi hajaona hata moja ikimalizika. Tulicheka sana.

Asante, Mzee wetu. Pengo lako tutaliona, na masikio yetu yatapata nafuu. Mungu akujalie afya, na mapumziko marefu kuliko hotuba zako. Msimu ujao njoo kama mgeni. Hatutakutambulisha wala hatutakusimamisha. Tunachokuomba ni ukae mbele kabisa, uutazame mchezo wako mpaka mwisho.