Jicho la Pili la Reinder

Huko Groningen, Desemba ikikaza, jua huaga watu kabla hawajamaliza chai ya alasiri, na wale wanaofanya kazi katika chumba cha giza hawana habari nalo. Kijiwe chao kiko nyuma ya maabara, ukuta mmoja na banda la baiskeli: benchi refu, chupa ya kahawa, na taa ya ukutani ambayo wameiziba wenyewe kwa tepu nyeusi. Si ukorofi. Jicho likishazoea giza, mwanga kidogo tu hulivuruga, na kulizoeza tena ni kazi. Basi hata kahawa huinywa gizani, wakijuana kwa sauti. Kabla ya kutoka, kila mtu hutundika msumarini saa, simu na kile kitaa cha baiskeli anachobana kotini. Mpita njia asiyewajua akisikia benchi linacheka peke yake gizani, huongeza mwendo.

Jioni hiyo walikuwa wanne. Mwanzoni mwa benchi aliketi Wiebren, waliyembandika jina la Tepu kwa kuwa hata kitaa cha jokofu alikiziba. Akafuata Fenna, au Redio, kwa kuwa hazimiki. Kisha Geesje. Mwishoni mzee Oebele, wanayemwita Askofu, mwenye methali kwa kila jambo na hakuna inayokaa mahali pake, shavuni peremende nyeusi ya chumvi. Geesje hakutaniwa siku hiyo. Mdogo wake alikuwa njiani, anakuja kuchukua jibu.

Mdogo huyo, Reinder, alipofuka akiwa mvulana. Mwezi uliopita madaktari wa majaribio walimdunga jicho la kushoto ile dawa inayopikwa humo humo maabarani, na Geesje ni mmoja wa wapishi. Kesho watamwuliza: na la kulia je? Naye alikwishasema hamjibu daktari yeyote mpaka asikie kauli ya dada yake.

Redio: Haya, Geesje, rudia. Alikwambiaje?

Geesje: Kwamba anaona.

Tepu: Si ndicho tunachokitaka?

Geesje: Anaona gizani, Tepu. Mapazia kafunga, taa kazima, kitambaa kajifunga machoni. Anaona.

Kikombe cha Redio kiligonga benchi. Wote walijua dawa yao inavyofanya kazi. Ni kikomeo kidogo mno kinachokaa kwenye utando wa seli. Mwanga ukikigusa kinajikunja, mlango unafunguka, chembe za chumvi zenye umeme zinapita, seli inashtuka, ubongo unasema: nimeona. Giza likirudi kinanyooka, mlango unafungwa. Kisipofunga, seli hukaa wazi kutwa kucha, ikachoka, ikafa. Na zile chache zilizobaki machoni mwa Reinder hazina akiba.

Tepu: Mwanga unavuja. Pazia lina tundu.

Redio: Na kitambaa?

Tepu: Nacho kina tundu.

Redio: Kwako wewe kila kitu kina tundu! Hata hicho kichwa, ndo maana umekiziba kofia.

Askofu: Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Tepu: Mzee, hiyo inahusu nini na pazia?

Askofu: Inahusu tepu. Umeionea huruma, hukuibana.

Redio: Nyie, nisikilizeni mie. Ni joto. Kikomeo kikipata joto la mwili kinajikunja chenyewe, hakingoji mwanga. Si tumeona wenyewe humo ndani?

Geesje: Kimoja kimoja, ndiyo. Angeona rasharasha za mwanga tu, huku na huku. Yeye anasema mianga inatembea.

Redio: Inatembea?

Geesje: Mmoja ulikaa pembeni ya kitanda chake usiku kucha alipokuwa na homa. Mama aliponyanyuka kwenda jikoni, ukaenda naye.

Baiskeli moja ilipita barabarani ikapotea.

Askofu: Basi ni watu.

Tepu: Watu wamefanyaje?

Askofu: Kila chenye uhai kinang'aa. Kidogo mno, mimi na wewe hatuoni, ila kinang'aa. Haba na haba hujaza kibaba.

Tepu: Ebwana! Leo methali imekaa!

Askofu: Sijamaliza. Mwanga wa nyama ni haba, hata nzi haumshtui. Sembuse kufungua vikomeo vya jicho zima. Anachokiona huyo kijana si nyama. Ni kile kinachoondoka mtu akifa. Tumetengeneza mlango, tukadhani tunamjua atakayebisha hodi.

Redio: Mzee, acha kututisha bwana!

Tepu: Haya, tumpime. Geesje, kaburini kwa baba yenu keshakwenda?

Geesje: Jumapili.

Tepu: Akaona nini?

Geesje: Hakuona kitu.

Askofu: Si nilisema?

Geesje aliogopa, kweli aliogopa. Lakini chini ya hofu ile palikuwa na furaha aliyoionea haya. Alikuwa amezika ujana wake katika chumba kile cheusi kwa sababu moja tu, Reinder amwone. Hata akimwona kama kibatari cha mbali. Kama mianga ile ni watu, basi leo ataonwa, na jibu la kesho litakuwa ndiyo.

Ndipo wakaisikia fimbo ikigonga mawe ya uani. Ikasimama mbele yao.

Reinder: Hamjambo jamani. Msiitikie kwanza. Tafadhali, nyamazeni.

Wakanyamaza. Geesje akasikia ncha ya fimbo ikipita hewani, polepole, toka mwanzo wa benchi.

Reinder: Mmoja huyu hapa. Wa pili anamfuata, huyu anatikisika, hatulii. Halafu pengo. Halafu mmoja mwishoni, hafifu kidogo. Mko watatu.

Redio: Mungu wangu.

Tepu: Kasikia pumzi zetu, basi! Watu wa namna yake wana masikio.

Geesje: Rein, ni mimi. Niko hapa katikati.

Reinder: Dada? Mbona sauti yako inatoka kwenye pengo?

Tepu hakukubali. Aliwashika mikono mmoja mmoja, akawahamisha kimyakimya. Geesje alivua viatu asisikike, akapita juu ya mawe yenye baridi kali, akaketi mwanzoni, akabana pumzi.

Tepu: Haya, kijana. Sasa?

Reinder: Mmehama. Yule asiyetulia yuko mwishoni. Wewe umesimama. Mwingine yuko katikati.

Tepu: Na pengo?

Reinder: Limekwenda mwanzoni.

Tepu: Ni koti! Koti lake jeusi linazuia!

Redio: Sote tumevaa hayo hayo, Tepu.

Hata hivyo Geesje alilivua, akaliangusha chini, akasimama na blauzi katika baridi ile. Askofu alianza, "Wahenga walisema..." kisha akaiacha hapo. Tangu wamjue, hajawahi kuiacha methali njiani.

Geesje: Na sasa, Rein?

Reinder: Bado.

Geesje akaunyoosha mkono, akaupata wa mdogo wake, akauweka shavuni kwake. Vidole vikamtambua: pua, nyusi, kovu la kidevuni la walipoanguka na baiskeli utotoni. Alitamani mtu aseme joto, aseme tepu, aseme lolote lile la kipumbavu ili wacheke.

Reinder: Una joto, dada. Ni wewe kabisa.

Redio aliinamisha chupa amkaribishe mgeni kahawa. Yakatoka matone, kisha hayakutoka tena.

Reinder: Sasa kesho niwaambie wanitie na la pili, nikutafute vizuri?

Askofu aliacha kumung'unya peremende yake. Geesje, aliyekuwa na ndiyo yake tayari muda mfupi uliopita, aliushikilia ule mkono shavuni, akaogopa kuuachia.