Chai Tulisema Si Chakula

Chamgei akina mama. Chamgei pia kwa wale wababa wanne waliokaa karibu na mlango kama watu wa kutoroka. Nimeandika maneno yangu kwenye daftari, kwa sababu nikiongea hivi hivi nitakasirika nitaje watu majina, na mwenyekiti amenikataza.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mnene. Si unene wa kusifiwa. Ni ule wa kushika ukuta ukipanda ngazi tatu za dispensari.

Kabla niolewe nilikuwa nachuma majani ya chai kwa mkono kwenye shamba kubwa. Kikapu mgongoni, mteremko asubuhi, mteremko jioni. Nilimaliza ugali ambao mwanaume angeuogopa, na bado sketi ilinipwaya. Halafu mashine zikaletwa, wengi wetu tukaambiwa twende nyumbani. Miguu ikapumzika, lakini mdomo hakuna aliyeuambia kazi imeisha.

Nikaolewa, nikazaa. Mnajua vile kwetu mzazi anatunzwa. Mama mkwe wangu, na ameniruhusu nimseme, alinipa uji wa wimbi, maziwa ya mursik, nyama, na ufagio sikuugusa. Hiyo desturi ni nzuri, siilaumu. Shida ni kwamba mtoto alitembea, akaongea, akaanza hata kunijibu vibaya, na mimi bado nalishwa kama niliyejifungua jana. Wageni walisema, "Huyu ametunzwa! Bwana yake ana ng'ombe!" Mama mkwe akifurahi, ananiongezea.

Wageni hao hao wakifika langoni wanasema mimi ni mvivu, mlafi. Kwani mlidhani dirisha langu linaangalia wapi?

Siku moja jirani aliniita tumchumie majani kabla gari la kuyabeba lifike. Nikaingia katikati ya mistari miwili kama zamani. Nikakwama. Mimi niliyezaliwa ndani ya chai, nimekwama ndani ya chai! Mbele siendi, nyuma sirudi. Mmoja wenu, na anajijua, akapiga kelele: "Mama nanii, chagua mstari mmoja, hiyo miwili si yako yote!" Walicheka mpaka majani yakamwagika. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia kwa hasira.

Nikakimbilia muuza mitishamba huko Kericho, akanipa unga wa kuyeyusha mafuta. Nilishinda chooni siku tatu. Mafuta hayakuondoka, yalinisubiri nje.

Ndipo kichwa kikaanza kuuma, nikawa naona nyota mchana. Nesi akanipima presha, akapima tena, akaacha kutabasamu.

"Mtoto wako ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Unataka umlee wewe, ama alelewe na mwingine?"

Akauliza nakula nini. Nikajibu kwa kiburi kwamba ni mara mbili kwa siku, tena kidogo.

"Na chai?"

"Chai si chakula, sister."

Akacheka hadi akaweka kalamu chini. "Kila mtu wa huku ananiambia hivyo. Haya, vikombe vingapi?"

Ya kuamka. Ya saa nne. Ya mchana. Ya jioni. Ya kulala. Ya mgeni. Ukimsindikiza mgeni, unafika kwake unapewa ingine. Saba! Na kila kikombe na chapati yake ama viazi, kwa sababu kumpa mtu chai tupu ni aibu.

Akaniambia unene hauna mlango mmoja. Wengine wameurithi, wengine ni dawa wanazotumia, wengine ni kukosa usingizi, wengine ni mawazo. "Wewe ulipoteza kazi ya miguu, ukabaki na chakula cha mtu wa kikapu. Juu yake ukaweka chai." Ndugu zangu, nawaambia, kwa miaka hiyo yote nilitukanwa na watu wengi, na huyo ndiye wa kwanza kunielezea.

Akanipa kazi ya siku moja. Kwetu sukari inamwagwa ndani ya sufuria, hakuna anayehesabu. Basi chai yangu niichemshe kando, na sukari ambayo ningeweka niitie kwenye kikombe kitupu. Nikafanya hivyo. Jioni mama mkwe akauliza, "Hiyo sukari ya nani?"

"Yangu, mama. Ya leo."

Akainua kikombe, akakitikisa. "Yote?"

"Yote. Na presha yangu imepanda. Chai yako naipenda, mama, lakini nataka kumlea mtoto wangu."

Nilingoja ugomvi, kwa sababu hapa kwetu kukataa chai ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Akarudisha kikombe mezani. Halafu akasema, "Mimi nilifikiri nakujenga." Akalia, nikalia, mtoto akatushangaa akaenda kucheza na kuku.

Kesho yake alipika chai bila sukari. Ya kwanza ilikuwa mbaya, wacha niseme ukweli. Ya kumi ilikuwa tamu. Nikaanza kubeba mwenyewe majani ya shamba letu mpaka kituo cha kununulia, boda nikaiacha. Sahani ikapungua, si kwa siku moja. Sijawa mwembamba, na sitaki, macho mnayo. Lakini mwezi uliopita nesi alipima presha, akapima tena, na mara hii aliniita dada akanikumbatia.

Asante nesi wetu. Asante bwana yangu, uliyekunywa chai isiyo na sukari ukisema ni tamu, na uso ukikataa. Asante mama mkwe.

Nyinyi wengine, mkiona mtu amenenepa, msimpe jina kabla hamjajua anaishi vipi. Na ukienda kwa mtu, usimlazimishe kikombe cha pili ndio ujue anakupenda.

Sasa, jikoni kuna sufuria mbili. Ile ndogo haina sukari, mama mkwe ameipika mwenyewe, na hakuna atakayekasirika ukiichagua. Ukiona aibu, simama nyuma yangu. Mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni.